Picha Itokayo Mbali: Matini Sahili, Anwani na Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Taaluma ya Kiswahili imezoea kuitazama matini kuwa kitu kilichokwisha kutimia: maneno yameandikwa, picha imebandikwa, na msomaji wa leo huona kile kile atakachokiona msomaji wa kesho. Uandishi wa kompyuta umeitikisa imani hiyo. Mwandishi sasa aweza kutunga matini isiyo na picha yoyote ndani yake, bali yenye anwani tu ya seva ambako picha itachorwa pindi itakapohitajika. Mhadhara huu unafafanua jinsi picha za namna hiyo zinavyoingia katika matini, ukichukua delta ya Rufiji kuwa mfano. Hoja yake ni moja: picha itokayo mbali ni ahadi ya mtu mwingine, na maelezo ya maneno yanayoambatana nayo ndiyo sehemu ambayo mwandishi anaimiliki kikamilifu.

2.0 Namna Matini Inavyogeuzwa

Matini sahili ni maandishi matupu, yawezayo kufunguliwa na programu yoyote ya kuandikia. Muundo wake huonyeshwa kwa alama chache za kawaida. Katika Markdown, mfumo uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004, picha huonyeshwa hivi:

![Mikoko ya delta ya Rufiji, Juni 2016](anwani ya picha)

Ndani ya mabano ya mraba mna maelezo. Ndani ya mabano ya kawaida mna anwani. Programu ya Pandoc, iliyotolewa na John MacFarlane mwaka 2006, huigeuza matini hiyo kuwa ukurasa wa HTML, faili la PDF au kitabu cha kielektroniki. Matokeo hayalingani. Katika HTML, kwa kawaida anwani huachwa kama ilivyo, na picha huitwa upya kila ukurasa unapofunguliwa. Katika PDF, picha huletwa mara moja tu, siku ya kugeuza matini, ikabaki humo daima. HTML nayo yaweza kuamriwa ibebe picha ndani yake; hapo picha huandikwa kwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, na ukubwa wake huongezeka kwa takriban theluthi moja.

Aghalabu picha inayoitwa haijahifadhiwa mahali popote ikisubiri. Kwa mujibu wa kanuni ya WMS, iliyotolewa na Open Geospatial Consortium mwaka 2000, seva hupokea ombi na kuchora ramani papo hapo. Anwani yenyewe ndiyo ombi: hutaja tabaka linalotakiwa, mipaka ya eneo, upana na urefu wa picha, na pengine tarehe. Kwa maana hiyo anwani ni sentensi, na kama sentensi yoyote, yaweza kukosa neno la lazima.

3.0 Mfano wa Delta

Delta ya Rufiji, yenye takriban hekta 50,000 za mikoko, ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2004. Si rahisi kuipima kwa miguu, hivyo wanaoiandika huitegemea sana picha ya setilaiti. Huduma ya NASA iitwayo GIBS hutoa picha za kila siku za eneo hili, baadhi zikianzia mwaka 2000.

Kosa la kwanza ni la tarehe. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti. Ripoti iliyoita picha bila kutaja siku itapewa picha ya karibuni. Atakayeifungua wakati wa kiangazi atasoma habari za mashamba yaliyofunikwa na maji huku akitazama nchi kavu, na ushahidi utakuwa umemgeuka mwenye kuutoa. Hata tarehe ikitajwa, siku ya masika yaweza kuonyesha mawingu matupu. Hapo hufaa picha ya rada, kama zile za Sentinel-1, setilaiti iliyorushwa mwaka 2014.

Kosa la pili ni la mpangilio. Toleo la 1.1.1 la WMS hutanguliza longitudo. Toleo la 1.3.0, katika mfumo wa kawaida wa majiranukta, hutanguliza latitudo. Delta iko karibu na nyuzi 7.8 kusini na 39.3 mashariki. Tarakimu hizo zikipinduliwa, seva haitalalamika: italeta picha ya bara la Ureno.

Kosa la tatu ni la majina. Ripoti zilizoandikwa kabla ya Kibiti kumegwa kutoka Rufiji, katikati ya miaka ya 2010, huiweka delta yote katika Wilaya ya Rufiji. Ramani inayochorwa leo huiweka sehemu kubwa yake katika Wilaya ya Kibiti. Maneno yamebaki katika zama zake, picha imehama.

Hatimaye, seva yenyewe hufa. Google ilikuwa na huduma ya kuchora chati kwa anwani, iliyoanza mwaka 2007. Ilizimwa mwaka 2019, na kurasa zilizoitegemea zikapoteza vielelezo vyake.

4.0 Nafasi ya Maelezo

Pandoc ikishindwa kuipata picha wakati wa kutengeneza PDF, hutoa onyo, kisha huweka maelezo yaliyomo katika mabano ya mraba mahali pa picha. Hali kadhalika, msomaji wa Nyamisati aliyekatikiwa na mtandao, au asiyeona, hubaki na maelezo hayo tu. Mwandishi aliyeandika “picha ya 1” hakumwachia kitu.

Tena kuna mambo ambayo picha haiyajui. Katika picha ambayo kila pikseli hubeba mita 250, mkoko, mchu, mkandaa na msikundazi ni kijani kimoja. Baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997/98, misikundazi mingi ya delta ilikufa. Tofauti ya mti na mti imo katika msamiati wa wakazi wa delta, na njia yake ya kuingia katika ripoti ni maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili.

5.0 Hitimisho

Anwani hai inafaa pale tu msomaji anapohitaji hali ya leo, kama vile tahadhari ya mafuriko. Matini ya ushahidi yapasa kuileta picha ndani, kutaja tarehe yake na chanzo chake, na kuhifadhi nakala kando ya matini. Juu ya yote, maelezo yaandikwe kana kwamba picha haitafika, yakitaja mahali, siku, na mti kwa jina lake.