Chembe Nyeupe za Kasa Zachokozwa kwa Maharage

Mwanafunzi atazamaye damu ya kasa kwa hadubini ataona jambo la ajabu: chembe zake nyekundu zina viini, kinyume cha zile za binadamu. Kwa ajili hiyo mashine za hospitali za kuhesabu chembe nyeupe, zilizoundwa kwa damu yetu, hukosea. Mtafiti hana budi kuhesabu kwa macho.

Walakini hesabu peke yake haitoshi, kwani askari waweza kuwa wengi na wasiweze kupigana. Ndiyo sababu limfosaiti, mojawapo ya aina za chembe nyeupe, hupimwa kwa kuchokozwa. Hutengwa na kulishwa katika chombo safi, kisha hutiliwa protini ya maharage mekundu, ile ile iumizayo tumbo yasipoiva sawasawa. Chombo hakipashwi hadi nyuzi 37 za binadamu, maana joto la mwili wa kasa hufuata lile la bahari. Chembe zenye nguvu huamka kana kwamba adui amekwisha kuingia, zikagawanyika na kuongezeka. Zilizo dhaifu hutulia tu.

Huko Hawaii watafiti waliwapima hivyo kasa wenye uvimbe wa ngozi, ugonjwa unaohusishwa na virusi vya jamii ya herpesi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba chembe za wenye uvimbe mwingi zilijibu kwa unyonge, bali za wenye uvimbe kidogo hazikuwa zimedhoofika. Kwa hiyo yaelekea kwamba udhaifu wa kinga haukuutangulia ugonjwa, bali uliufuata.