Fahamu: Tuzo ya mfanyakazi hodari inaisaidiaje kampuni?

Mei Mosi ikifika, viwanja vya Tanzania hujaa fulana na kofia za taasisi mbalimbali, na wafanyakazi hodari wa mwaka huitwa mmoja mmoja kupokea cheti, bahasha, pengine hata jokofu.

Ni nini hasa?

Ni mwajiri kuonyesha waziwazi kwamba kazi ya mtu imeonekana, mbali na mshahara wake. Si lazima iwe fedha.

Faida yake

Mtafiti wa uchumi Christiane Bradler na wenzake waliajiri watu zaidi ya 300 kwa kibarua cha saa 3 cha kuingiza data kwenye kompyuta. Katikati ya kazi, bila kutangaza mapema, baadhi ya makundi ya wafanyakazi hao yalipewa kadi za shukrani. Kadi tu, hakuna hata senti. Ufanisi ulipanda, na ulipanda zaidi pale kadi zilipokwenda kwa watu 3 bora wa kila kundi. Ajabu ni kwamba walioongeza kasi hasa ni wale waliokosa! Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Inapogeuka hasara

Kiwanda kimoja cha kufua nguo Marekani kilianzisha tuzo ya mahudhurio. Waliojiona watachelewa wakaanza kuomba ruhusa ya ugonjwa ili wasipoteze sifa za kushindania zawadi. Waliokuwa wakiwahi siku zote, bila kuahidiwa chochote, walivunjika moyo na uzalishaji wao ukashuka.