Wakati Uliopita wa Mambo Yajayo: Hadithi ya H. G. Wells Kitabuni na katika Senema

Hadithi za watu wasafirio katika nyakati hupendwa kwa mitambo yake na maajabu yake, na wataalamu wa lugha aghalabu huwaachia vijana. Ni hasara, kwa kuwa sehemu kubwa ya utamu wake imo katika nyakati za vitenzi. Mfano mwema kuliko yote ni The Time Machine, hadithi fupi aliyoitoa Mwingereza H. G. Wells mwaka 1895. Senema mbili mashuhuri zimetengenezwa kwayo: ya George Pal mwaka 1960, na ya Simon Wells, kitukuu wa mtungaji mwenyewe, mwaka 2002.

Kisa chenyewe ni hiki. Msafiri, ambaye mtungaji hakumpa jina, huwakaribisha rafiki zake kwa chakula siku za Alhamisi nyumbani kwake Richmond, karibu na London. Alhamisi moja achelewa. Kisha aingia akichechemea, nguo zimejaa vumbi, aomba nyama, na baada ya kula awaambia kwamba tangu saa kumi alasiri ya siku ile ile ameishi siku nane. Amefika mwaka 802,701. Huko amewakuta Eloi, watu wadogo wazuri walao matunda na kucheza mchana kutwa, na Morlock, viumbe weupe wakaao chini ya ardhi, ambao usiku hutoka kuwawinda hao Eloi na kuwala. Amemwokoa mwanamke mmoja wa Eloi, jina lake Weena, asizame mtoni, wamesuhubiana, kisha kukatokea moto msituni, na Weena akafa.

Masimulizi haya yakiwekwa kwa Kiswahili, msimulizi hana njia ila kusema nilifika, nikaona, nikakimbia: -li- hufungua mlango na -ka- hufuata moja moja. Vitabu vya sarufi husema kwamba -li- huonyesha jambo lililopita, lakini ni nadra kuuliza limempita nani. Kalenda yasema mwaka 802,701 haujaja. Maisha ya Msafiri yasema umekwisha pita. Kiambishi humfuata msemaji, hakifuati kalenda, na -ka- huzihesabu siku nane kati ya saa kumi na chakula cha usiku bila kusitasita. Lakini wageni walioketi mezani wana hesabu yao. Msafiri akisema, "Weena alikufa," mgeni aweza kumjibu, "Weena hajazaliwa," na yote mawili ni kweli, kwa meza moja, usiku mmoja. Hiyo -ja- ya kukanusha, isemayo kwamba jambo halijawa ila lingali latazamiwa, ndiyo yenye uchungu. Msiba wa Msafiri umekwisha kumpata, na bado haujaanza.

Hapa hapana budi kutaja jambo lililozua mabishano mengi. Mwaka 1969 John S. Mbiti, mwanazuoni wa Kenya, alieleza katika African Religions and Philosophy kwamba katika fikira za jadi za Waafrika wakati ni wa namna mbili, naye akazipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Wakati ujao ulio mbali, kwa maoni yake, karibu haupo. Ushahidi wa vitenzi aliutoa katika Kikamba na Kigikuyu. Basi Kiswahili kiliazimwa majina mawili, wala hakikuulizwa vitenzi vyake. Kingaliulizwa, kingalijibu kwamba -ta- haina kipimo: mgeni atakuja jioni, na jua litafifia baada ya miaka milioni thelathini, huko mwisho ambako kitabu humfikisha Msafiri kwenye ufuko mtupu chini ya jua jekundu. Ni -ta- ile ile. Umbali huachiwa maneno mengine, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Yaishapo hayo, tarakimu hushika kazi.

Senema yashindana na kitabu kwa silaha nyingine. Picha haina -li-. Chochote kionekanacho kwenye kitambaa chatendeka sasa, na mtazamaji akisimulia husema anaondoka, anaanguka. George Pal alilijua hilo, akalitumia vizuri: mbele ya dirisha la Msafiri liko duka la nguo, na sanamu dukani yabadilishwa mavazi kwa kasi, mtindo baada ya mtindo, mpaka mtazamaji ameona miaka ikipita pasipo neno kusemwa. Hakuna ukurasa wa Wells ushindao kipande hicho.

Penye lugha, hata hivyo, senema hiyo ilishindwa vibaya. Katika kitabu Msafiri ajifunza lugha ya Eloi kwa shida, kwanza majina ya vitu, kisha vionyeshi, kisha kitenzi cha kula. Agundua kwamba sentensi zao aghalabu ni za maneno mawili, na maneno ya mambo yasiyoshikika ni machache, kama yapo. Huko ndiko kuporomoka kwa watu kunakosikika kabla ya kuonekana. Katika senema ya 1960 Eloi wasema Kiingereza safi. Utendi wa Tambuka una umri usiotimia miaka mia tatu na wahitaji maelezo kwa msomaji wa leo. Hapa miaka mia nane elfu haikugusa hata silabi! Senema ya 2002, ambayo kwa mengine ni dhaifu, ilifanya heri: Eloi wana lugha yao, na Kiingereza wamekipata katika maandishi ya mawe ya mji uliobomoka.

Senema hiyo hiyo yamfanya Msafiri atengeneze mtambo ili amrudie mchumba wake, Emma, aliyeuawa. Arudi, naye Emma afa kwa njia nyingine. Fumbo lake latosha katika sentensi moja: Emma asingalikufa, mtambo usingalitengenezwa. Na -ngali- hiyo yamngojea pia mtazamaji wa senema ya 1960. Humo mji wa London wateketea kwa silaha za nyuklia mwaka 1966, miaka sita mbele ya watazamaji wa kwanza, waliokaa gizani wakihofu kwamba utateketea. Atazamaye leo hujua mwaka huo umepita salama, na kipande kile kile humwambia ungaliteketea.

Weena wa Pal hafi. Msafiri amrudia, na rafiki yake akuta vitabu vitatu vimetoweka rafuni, visijulikane ni vipi. Kwa Wells hakuna vitabu. Msafiri aondoka tena na kamera, miaka mitatu yapita hajarudi, na msimulizi abaki na maua mawili meupe yaliyonyauka, aliyoyatia Weena katika mfuko wa Msafiri.