Oili Chafu Haiokoi Benchi

Kila Agosti inapoelekea ukingoni, kabla mawingu hayajalalia vilima vya Masisi, watu wa Rubaya huuliza lile lile: benchi la nje lipakwe oili chafu mara ngapi ili livuke masika? Mbili au tatu? Ichemshwe kwanza? Tuseme wazi kwamba swali ndilo bovu. Oili nyeusi inayomwagwa pikipiki na jenereta zinapobadilishwa mafuta haikuwahi kuwa dawa ya mbao, na kuipaka mara kumi ni kukosea mara kumi.

Mbao haiozi kwa sababu mvua imeipiga. Huozeshwa na kuvu, na kuvu hutaka mbao iliyokaa na unyevu kwa muda mrefu. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 20 hivi ya uzito wa mbao kavu, kuvu haina la kufanya. Ushahidi umesimama kwenye ua wa jirani yako. Nguzo ya mkaratusi iliyopakwa weusi kutoka chini hadi juu hukatikia pale inapoingia ardhini, wala si kileleni ambako mvua huipiga moja kwa moja. Oili ni ile ile juu na chini. Kilichotofautiana ni unyevu. Kama hilo halitoshi, chukua mguu wa kiti uliovunjika uupasue: weusi umeingia kama ganda la kiazi, na ndani mbao iko kama ilivyotoka msumenoni. Tena mafuta ya kitani yakipakwa hukutana na hewa yakakauka, yakawa utando. Oili ya injini imetengenezwa makusudi isikauke, maana ikikauka injini inakwama. Ndiyo maana haitulii juu ya mbao: sehemu yake huoshwa na mvua ikateremka na mlima, nyingine huondoka na suruali ya mgeni.

Hapo hujitokeza mtu na nguzo za umeme na mataruma ya reli: mbona ni meusi na hudumu miaka mingi? Weusi ule ni kreosoti, inayotokana na lami ya makaa ya mawe, yenye sumu kwa kuvu, nayo husukumwa ndani ya mti kwa shinikizo kwenye mtungi wa chuma. Kuamini kwamba oili chafu itafanya kazi hiyo kwa kuwa imefanana nayo rangi ni kumnywesha mgonjwa chai ya rangi kwa kuwa dawa ya kikohozi nayo ni ya kahawia. Mwingine atasema mchwa huikimbia. Kweli, kwa muda, harufu ikiwa bado kali; harufu ikififia hurudi, na mwenye benchi harudi kuangalia kwa kuwa weusi unamtuliza moyo na kuficha uozo unaoanza. Bado kuna hoja ya bei: oili ni ya bure. Ndani ya bure hiyo mna chembe za metali zilizosagika na masizi yenye kemikali zinazoleta saratani, juu ya kiti anachokalia mtoto mwenye mkate mkononi. Na benchi likishakunywa oili, halishiki tena rangi wala vanishi.

Cha kufanya ni kazi ya siku chache za kiangazi. Sugua mbao kwa brashi, maji na sabuni kidogo; ukungu uondoe kwa javeli iliyochanganywa na maji, kisha suuza. Iache ikauke kabisa, ipige msasa, paka vanishi ya nje au rangi ya mafuta, na ncha za miguu uzirudie mara mbili au tatu, kwani maji hupandia huko kuliko ubavuni. Simamisha miguu juu ya mawe bapa, si kwenye udongo. Ukifunika kwa turubai, acha hewa ipite chini. Chuma: kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, toboa tundu chini ya bomba ili maji yasilale ndani. Viti vya plastiki adui yao ni jua, viweke kivulini. Ukinunua mvule wa Walikale, dai kiini; ile sehemu nyeupe ya nje huoza upesi hata ikiitwa mvule.

Na kama mvua za Septemba zimeshakuwahi, liingize benchi chini ya paa usubiri kiangazi. Mbao iliyopakwa rangi ikiwa mbichi huoza upesi kuliko ile iliyoachwa wazi.