Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria: ipo Kisumu, inamhusu vipi mfanyabiashara wa Namuwongo?

KAMPALA – Mvua kubwa inaponyesha Kampala, maji ya katikati ya jiji hushuka kwa Mfereji wa Nakivubo, hupita Namuwongo jirani na eneo la viwanda, huingia kwenye kinamasi kilichopandwa magimbi na miwa, kisha huishia katika Ghuba ya Murchison, ilipo bandari ya Port Bell. Mwenye stoo karibu na reli huyahesabu maji hayo kuwa kero ya siku moja: magunia yamelowa, lori limekwama, mteja anapiga simu. Wachache hufikiria yanakokwenda.

Kinachotokea kwenye ghuba hiyo kinaamua mambo mengi ya biashara, na kuna chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoundwa mahususi kwa ajili yake. Ni Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake makuu mjini Kisumu, Kenya. Wafanyabiashara wengi wamelisikia jina lake kwenye taarifa za mikutano ya mawaziri, lakini ukiwauliza inafanya nini, hawana jibu.

Kamisheni inatokana na itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la ziwa iliyotiwa saini Novemba 29, 2003 na Kenya, Tanzania na Uganda. Rwanda na Burundi ziliingia baada ya kujiunga na Jumuiya mwaka 2007. Kuingia kwao hakukuwa kwa heshima tu. Ingawa nchi hizo mbili hazina pwani hata moja kwenye ziwa, zina karibu asilimia 18 ya bonde lenyewe, na mto Kagera, mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, huanzia kwenye milima yao.

Hapo ndipo habari ya vijijini inapokutana na ya bandarini. Mkulima wa Burundi akilima mteremko bila matuta, mvua huchukua udongo wake hadi Kagera, na Kagera huupeleka ziwani pamoja na magugu maji. Magugu hayo hustawi kwa rutuba. Rutuba ya kwanza hutoka mashambani, ya pili hutoka kwenye miji kama Kampala, kupitia mifereji kama wa Nakivubo. Wasafirishaji wa zamani hawajasahau miaka ya 1990, magugu yalipoziba Port Bell na meli zikashindwa kutia gati bila taabu. Afueni ilikuja mwishoni mwa muongo huo, baada ya wadudu walao magugu, walioanza kuachiwa upande wa Uganda mwaka 1995, kuzaliana vya kutosha. Hata leo magugu hayajaisha.

Kwa hiyo Kamisheni ikitumia fedha kuchimba matuta Rwanda au kupanda miti kandokando ya mito ya Kenya, fedha hizo zinasafisha pia njia ya meli ya Kampala. Mradi wake mkubwa zaidi wa aina hiyo, awamu ya pili ya mradi wa kuhifadhi mazingira ya Ziwa Victoria, ulifadhiliwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia na ulidumu kuanzia 2009 hadi 2017 katika nchi zote tano. Sehemu yake moja iliwapa vikundi vya vijijini fedha za kufuga nyuki, kupanda miti na kutengeneza majiko yanayookoa kuni. Mradi mwingine, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulipeleka maji na usafi katika miji midogo 15. Kwa Uganda ilikuwa Mayuge, Ntungamo na Kayabwe pamoja na Bukakata. Kwa Tanzania, Geita, Sengerema na Nansio.

Namuwongo haimo katika orodha hiyo, na wakazi wake wana haki ya kuuliza kwa nini. Jibu ni kwamba mji mkuu ulitafutiwa fedha zake peke yake. Mtambo mpya wa kusafisha majitaka wa Bugolobi, ng'ambo tu ya mfereji, wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku, ni kazi ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka na wafadhili wake. Lakini mtambo husafisha kile kilichofika kwenye bomba, na nyumba nyingi za Namuwongo hazina bomba la majitaka. Uchafu wa ghuba ulikuwa tayari umepandisha gharama za kusafisha maji ya Ggaba, na serikali ikalazimika kujenga chanzo kingine mbali, Katosi, wilayani Mukono.

Wauza samaki wao walilipa mapema zaidi. Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa sangara wa ziwa hili mwaka 1997 na tena 1999, kwa hofu ya vijidudu na kisha ya sumu, viwanda vya kusindika vilisimama na bei ya mvuvi ikaporomoka. Hapa kuna jambo moja la kutenganisha: masuala ya uvuvi yana shirika lake, lililopo Jinja. Barua ya malalamiko ya samaki ikipelekwa Kisumu itazunguka bure.

Vivyo hivyo kwa boti. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha Sheria ya Usafirishaji katika Ziwa Victoria mwaka 2007, na Kamisheni inasimamia mradi wa mawasiliano na uokoaji unaozihusu Uganda na Tanzania, wenye kituo kikuu Mwanza. Haja yake haina ubishi: MV Nyerere ilipopinduka Septemba 2018 karibu na Ukara, zaidi ya watu 220 walikufa wakiwa hatua chache kutoka gatini. Lakini leseni na ukaguzi wa chombo bado ni kazi ya kila nchi. Uganda inatumia sheria yake ya usafiri wa majini ya 2021 chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, Tanzania ina TASAC, na Kenya ina mamlaka yake ya bahari. Mwenye boti linalobeba mzigo kati ya Port Bell na Mwanza ajue sheria za pande zote mbili.

Udhaifu wa Kamisheni uko hapo hapo. Haina askari wala uwezo wa kumtoza faini mwenye kiwanda anayemwaga uchafu Nakivubo. Inaratibu tu, na kutekeleza ni juu ya wizara za nchi. Kwa Uganda, Wizara ya Maji na Mazingira. Michango ya nchi wanachama katika Jumuiya imezoeleka kuchelewa, hivyo kazi nyingi hutegemea wafadhili, na mfadhili akimaliza muda wake matuta hubaki bila wa kuyatunza.

Anayetafuta mkopo wa kununua lori asipande basi kwenda Kisumu, Kamisheni haikopeshi. Lakini kikundi cha wauza dagaa au cha wenye boti kilichosajiliwa kinaweza kuuliza kwenye ofisi ya maji na mazingira ya wilaya yake kama kuna mradi wa bonde unaokuja, na kuuliza kabla maeneo ya mradi hayajachaguliwa.