Mkonge Huhesabu Majani, Si Miaka

Katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, na kwingineko Usukumani, mkonge hupandwa uwe uzio wa shamba, au uwe zao la kuuza. Mmea huu hukaa miaka mingi bila kuchanua. Kisha katikati yake huchomoza mlingoti, ambao kwa miezi michache tu waweza kufikia mita 6. Maua ya manjano na kijani huchanua kileleni, na baada ya hapo mmea mzima hufa.

Wengi hudhani kwamba mkonge na dungusi kakati ni jamii moja. Sivyo; kinachoifananisha mimea hiyo ni namna ya kuukabili ukame. Mkonge hufumba matundu madogo ya majani yake mchana ili maji yasipotee, na kuyafumbua usiku. Hewa ya ukaa iingiayo usiku huhifadhiwa kama asidi, na kesho yake, jua liwakapo, hutumika kutengeneza chakula. Njia hii huokoa maji, lakini ukuaji huwa wa polepole.

Mlingoti hautokei kwa kuwa miaka fulani imetimia. Hutokea mmea ukishatoa idadi yake ya majani, ambayo kwa mkonge wa kawaida ni kama 200 hadi 250. Panapo mvua ya kutosha, idadi hiyo hutimia mapema zaidi. Panapo kiangazi kirefu kama Shinyanga, huchelewa. Kwa mkulima hesabu hii ni muhimu, maana mlingoti ukishatoka, hakuna jani jipya litakalotoka tena. Asiyeandaa miche mapema hubaki bila zao.

Mkonge wa kawaida hutoa mbegu kwa nadra. Maua yakidondoka, miche midogo huota juu ya mlingoti. Miche ya namna hiyo ndiyo aliyoiagiza Dk. Richard Hindorf kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893. Kati ya 1,000, iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kila mche ni nakala ya mama yake, kwa hiyo hauleti sifa mpya.

Ili kupata sifa mpya, watafiti wa Mlingano, mkoani Tanga, walichavusha maua ya aina nyingine za jamii ya mkonge, wakapata chotara Na. 11648, ambaye hutoa majani mengi zaidi kabla ya kuchanua. Ilibidi kungojea maua miaka mingi, na kuwakuza watoto wake miaka mingine tena.

Shule yenye uzio wa mkonge ina maabara tayari. Wanafunzi na watie alama ya rangi kwenye jani changa kabisa, kisha wahesabu majani mapya kila mwezi, masika na kiangazi. Daftari hilo likirithiwa na madarasa yajayo, siku moja litaonyesha ni jani la ngapi lililotangulia ua.