Ukuta Unaovimba Ndani ya Mshipa

Baada ya swala ya alasiri, wazee wa mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hushuka polepole kuelekea Ngome ya Yesu kupunga upepo wa bahari. Miongoni mwao huwapo ambaye hata nusu ya njia hafiki: shavu la mguu linamkaza kana kwamba limefungwa kamba. Huketi kwenye baraza ya jirani, maumivu yakaisha kwa dakika chache, akainuka tena. Nyumbani huambiwa ni uzee, au baridi yabisi. Lakini maumivu yanayokuja kwa mwendo na kuondoka kwa mapumziko ni dalili ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, zilizobanwa. Nyama za mguu zinakosa oksijeni.

Wengi husema mafuta "yameziba" mshipa, kama taka ndani ya bomba. Kuta za Mji wa Kale zinaeleza vizuri zaidi. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu na chumvi vikishapenya, lipu huvimba na kubanduka hata kama rangi ya juu ilikuwa safi jana. Ateri nayo huugua ndani ya ukuta wake.

Presha, sukari na moshi wa tumbaku huchubua utando laini wa ndani. Kolesteroli mbaya hupenya hapo ikanasa. Mwili hutuma chembe nyeupe za damu, zile zile zinazokimbilia kidole kilichochomwa na mwiba kikawa chekundu, cha moto na kimevimba. Huo ndio mwako uitwao inflamesheni. Kidoleni huzimika baada ya siku chache. Ndani ya ateri hauzimiki, kwa kuwa mafuta hayaachi kuingia. Chembe huyameza mpaka zikafa, zikaacha donge laini liitwalo atheroma, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uji. Kovu jembamba linalolifunika likipasuka, damu huganda papo hapo. Moyoni ni shambulio la moyo, ubongoni ni kiharusi, na mguuni kidole huanza kuwa cheusi.

Mwaka 2017, daktari Paul Ridker na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa CANTOS, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo. Sindano ya canakinumab, isiyogusa kolesteroli bali inayotuliza mwako tu, ilipunguza mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya maradhi ya moyo na mishipa, vikihesabiwa pamoja, kwa takriban asilimia 15. Ila vifo vya maambukizi viliongezeka.

Maradhi haya hatukuandikiwa: tazama presha, mojawapo ya vyanzo vyake. Mwaka 1929 daktari Donnison alichapisha vipimo vya presha vya watu 1,000 wa Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya: waliovuka miaka 40, presha yao ilielekea kushuka. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu.

Mzee wa barazani hahitaji mashine kubwa ili kupimwa. Presha ya kifundo cha mguu hulinganishwa na ya mkono. Ikiwa chini ya asilimia 90 ya ile ya mkono, ateri zimebanwa. Huambiwa aache sigara, ameze dawa za presha na kolesteroli, tena asiache kutembea: aende mpaka shavu likaze, apumzike, aende tena. Zoezi hilo, likifuatwa kwa miezi chini ya uangalizi wa daktari, humrefushia mwendo, na huenda akaifikia Ngome bila kuketi.